Vijiti Vyekundu vya Uwandani

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Mnaruhusiwa kucheka, mhifadhi wetu alicheka kabla yenu. Siku niliyompelekea barua aliniuliza kama nadai kiinua mgongo, nikamjibu kwamba mgongo wangu umeinama na kuinuka vya kutosha kwa ajili ya miche ya paina, tumalizane kwa chai. Nimejitolea pale Uwandani miaka minane, sita kati ya hiyo nikiwa katibu wa kikundi. Sasa nahamia Nyololo, kwa sababu mume wangu yuko Nyololo na goti langu la kushoto limeukataa mlima. Ninyi mnaoanza mliniomba niwaandikie jinsi kazi inavyofanyika. Niliandika kurasa mbili za kanuni, zenye namba na mistari ya rula. Nilipozisoma sikuona hata kanuni moja ambayo mimi mwenyewe sikuivunja, basi nikazichana. Haya ndiyo yaliyobaki.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuangalia kama nimeufunga, halafu narudi tena kuangalia kama niliporudi sikuufungua. Sikusomea mimea wala wanyama. Niliishia kidato cha nne pale Iringa, na baada ya hapo nimejifunza kila kitu peke yangu, kama mtu anayejifunza kupika kwa kunusa jiko la jirani. Mtu wa namna hiyo hana mwalimu wa kumwambia "hapo panatosha." Kwa hiyo mimi sijawahi kujua panapotosha. Shikeni hilo, maana ndilo lililoleta balaa.

Nilikuja Uyole kutoka Ipogolo kufanya kazi kwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi. Jumapili moja baada ya ibada likasomwa tangazo: wanatafutwa watu wa kujitolea kutunza hifadhi ya nyasi iliyo juu ya mlima, ile tunayoiita Uwanda. Waje Jumamosi na jembe na chakula. Mimi nikawaza, ukisema kutunza mazingira umesema kupanda miti. Hata shuleni hatukufundishwa kingine. Nikanunua miche miwili ya paina ikiwa kwenye viriba vyake, mizuri, imenyooka, nikapanda nayo mlima saa mbili nzima nimeikumbatia kama mapacha, ili nisionekane mgeni asiye na adabu.

Nilipofika juu niliwakuta watu kama ishirini wameinama kwenye nyasi wanang'oa kitu. Nikasogea. Walikuwa wanang'oa miche ya paina.

Mama mmoja mnene, mwenye kilemba cha kijani, aliinuka akanitazama mimi, akatazama mkono wa kulia, akatazama mkono wa kushoto. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, kisha akasema polepole, "Mwanangu, hii ni sawa na kwenda msibani na ngoma."

Huyo ndiye Mama Sekela. Hakunifukuza. Alinieleza, huku akiendelea kung'oa, kwamba Uwanda si shamba tupu lililosahaulika. Nyasi zile ndizo zinazoshika maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo kwenye chemchemi zinazonywesha viazi vya watu wa chini. Mbegu za paina huletwa na upepo kutoka mashamba ya miti ya watu; zikiachwa miaka kumi hakuna nyasi, hakuna maua, na chemchemi inakuwa hadithi. Ile miche yangu miwili niliibeba siku nzima nikashuka nayo jioni. Kila aliyepita aliniuliza inaendeleaje.

Mjomba wangu wa Nyololo aliposikia kwa simu kwamba kila Jumamosi naenda kung'oa miti, alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kwa watu wa Mufindi kama yeye mti ni ada ya mtoto, ni bati, ni matibabu ya uzee. Aliuliza kama nalipwa. Nikasema hapana. Akauliza kwa upole kama nimehamia dhehebu jipya.

Kuhusu zana. Panga ni la vichaka vya miwati, fyekeo ni la barabara ya kuzuia moto, jembe dogo ni la mizizi, na mikono ni ya vyote vilivyobaki. Mimi niliongeza rula. Msicheke tena. Katika Jumamosi zangu za mwanzo kila mche niliong'oa niliulaza chini kwa kufuata urefu, mdogo mpaka mkubwa, ili nihesabu vizuri mwishoni. Mama Sekela akanipita mara ya kwanza kimya. Mara ya pili alisimama akasema, "Esta, wakati unapanga maiti, wazima wanakua." Tangu siku ile natupa tu, ingawa hata leo, nikiwa peke yangu, naiweka yote ielekee upande mmoja.

Kuna kazi ya moto pia. Mwezi wa sita, nyasi zikiwa hazijakauka sana, tunachoma vipande kwa mpango ili moto wa bahati mbaya ukija baadaye ukose chakula. Mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu niliandika ratiba ya moto: saa moja na nusu kuwasha, saa mbili na dakika ishirini kufika kwenye jiwe, saa tatu kuzima. Moto haukuisoma. Ulifika kwenye jiwe saa mbili kamili, ukala ratiba yenyewe pamoja na ubao niliobandikia. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Asheri, mstaafu wa shule ya msingi na mtu mpole kupita kiasi, alinifariji kwamba angalau karatasi ilionyesha upepo unaelekea wapi.

Maua niliyajua kwa kitabu. Mhifadhi aliniazima kitabu kikuukuu, nikakitoa kopi pale kibandani, nikakariri majina ya kitaalamu mpaka nikawa nayatamka usingizini, yote vibaya. Mama Sekela aliyajua kwa nyayo. Alikuwa akivua viatu kwenye umande anasema hapa chini kuna chikanda, tukichunguza tunakuta kweli.

Alijua kwa sababu alikuwa mchimbaji. Hakulificha hata siku moja. Aliwaambia wageni wote, mbele ya chai, kabla hawajaambiwa na mtu mwingine. Chikanda ni viazi vidogo vilivyo chini ya yale maua ya okidi. Vinakaushwa, vinasagwa, vinapikwa na karanga mpaka vinagandamana kama mkate wa nyama, na wanunuzi huvibeba kuvipeleka ng'ambo ya mpaka wa Tunduma ambako watu wanavipenda sana. Mama Sekela alichimba tangu akiwa msichana. "Mwanzo nilikuwa nashusha gunia," alisema. "Nikaja kushusha ndoo. Siku niliyoshusha mfuko wa chumvi, nikajua nimekula mtaji." Akaacha. Hakukamatwa na mtu, hakuitwa na mtu. Alipanda mlima mwenyewe, akamwambia Mwalimu Asheri kwamba anataka kizibao cha kijani kama cha wenzake. Watu wa sokoni walisema mwizi haachi, anapumzika. Ilichukua miaka wakaacha kusema.

Sasa nifike kwenye vijiti.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekolea, mhifadhi aliomba tumwambie okidi zilivyo kwenye bonde la mashariki. Alisema hivi: "Kadirio tu, Esta. Nyingi, kiasi, au chache." Mtu asije akaniambia mimi "tu." Nilipasua mianzi, nikakata vijiti vyenye urefu sawa, sentimita arobaini kila kimoja. Wanakwaya walinipa joho lao kuukuu jekundu, nikalikata vitambaa vidogo, nikafunga kila kijiti kitambaa chake na kuandika namba kwa kalamu isiyofutika. Jumamosi mbili nilizunguka bonde zima, kila ua kijiti. Nilipohesabu nilipata mia tatu na kumi na moja. Nikahesabu tena, mia tatu na tisa. Mara ya tatu, mia tatu na kumi na mbili. Mtu mzima angeandika "kama mia tatu" akaenda kunywa chai. Mimi niliamua vijiti vikae mpaka hesabu zikubaliane.

Zilikataa kukubaliana kwa wiki nyingi. Mvua zikapungua, maua yakanyauka, majani yake yakalala na kuoza kwenye nyasi, vijiti vikabaki vimesimama. Nilipanda kwenye ukingo nikapiga picha. Bonde lilionekana kama kitambaa cha kijani kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, nikaituma kwenye kundi la simu, watu wakanipongeza. Mwalimu Asheri aliandika, "Hii ndiyo kazi." Mama Sekela hakuona wala hakusema lolote, kwa sababu simu yake ni ya vitufe, na majuma hayo alikuwa Tukuyu, binti yake Sekela amejifungua.

Alirudi mwezi wa tano. Jumamosi hiyo hiyo aliyorudi tulishuka wote bondeni na kukuta mashimo.

Kila kijiti kilikuwa na shimo lake. Hawakuving'oa, walichimba kando kando kwa adabu, wakaacha vijiti vyangu vimesimama na namba zake, kama alama za makaburi. Nilielewa palepale. Maua yakishakauka, chikanda hujificha. Hata mchimbaji mzoefu hupapasa. Mimi nilikuwa nimewaandikia anwani, kwa kitambaa chekundu, kinachoonekana toka ukingoni.

Nilielewa, lakini mdomo wangu ukasema kitu kingine. Nilisema kwa sauti, "Jamani, nani kafanya hivi?"

Hilo swali ndilo kosa langu kubwa, kuliko vijiti. Kwa sababu ukiuliza nani, watu wanatafuta mtu. Na wakati huo Mama Sekela alikuwa amechuchumaa kwenye shimo moja, anasugua udongo kwa vidole, akasema kwa sauti ya fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake, "Jembe lao ni jembamba. Hawa wanaijua kazi." Nikaona macho yanatembea kutoka kwake kwenda kwa Mwalimu, na kutoka kwa Mwalimu kwenda chini.

Jumatatu tuliitwa barazani kwa Mwalimu Asheri. Mtu mmoja alisema Mama Sekela alikuwa Tukuyu, mwingine akajibu kwamba simu zipo. Mwalimu alizunguka sana. Alisema hakuna anayemtuhumu mtu. Ni kwamba tu, mpaka mhifadhi amalize kuchunguza, ingekuwa vizuri Mama Sekela apumzike kidogo, na kizibao kibaki pale, watu wa nje wasije wakapata la kusema.

Mama Sekela aliuliza, "Mwalimu, unaniuliza au unaniambia?"

Mwalimu aliangalia kikombe chake. "Nakuomba, mama."

Alikivua kizibao, akakikunja mara nne, akakiweka mezani, akatupa mkono mmoja mmoja. Na mimi akanipa. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa kawaida kabisa. Na mimi, katibu, nikaandika muhtasari wa kikao. Niliandika jina lake bila kukosea, nikapigia mstari kwa rula. Ni muhtasari safi kuliko yote niliyowahi kuandika. Nendeni mkausome, upo kwenye faili la bluu.

Wiki mbili zilizofuata sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilijua kitakachotokea. Mhifadhi angechunguza asipate mtu, kwa sababu wachimbaji hawaachi kadi. Na sokoni, "hakupatikana mtu" maana yake ni "alifichwa." Yule mama alikuwa ameshatoka kwenye aibu mara moja kwa miguu yake mwenyewe, safari hii angerudishwa humo na miguu ya wengine, na kila anayenunua viazi kwake angenunua pamoja na jambo la kunong'ona. Neno langu moja lingemtoa. Basi nikaamua kuandika barua ya kukiri.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kosa la herufi. Ya pili ilionekana kama najitetea. Ya tatu haikujitetea, lakini ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu," nikaona si sawa kwa dhambi. Nilifika rasimu ya kumi na moja. Kila nikitoa kopi nasema hii ndiyo, kesho yake naiona ina doa. Sasa naelewa kwamba nilikuwa natafuta barua nzuri kiasi kwamba nikiitoa nisionekane mbaya. Barua hiyo haipo. Ningekuwa nimelijua hilo mapema ningeokoa karatasi za mwajiri wangu.

Siku ya soko nilifunga kibanda mchana nikaenda Uyole sokoni, rasimu ya kumi na moja iko mfukoni. Mama Sekela alikuwa ameketi nyuma ya mafungu ya viazi na magunia mawili. Nilimwamkia kwa heshima zote, akaitikia, akanionyesha kigoda na gunia. "Kaa. Chambua."

Nikachambua. Vidole vikanitoroka, kwa mazoea, nikaanza kupanga vidogo huku na vikubwa kule.

"Nimesema utoe vilivyooza," alisema. "Sijasema uvipange foleni."

Nikaviambia viazi, maana yeye nilishindwa kumtazama, "Mama, vile vijiti..."

"Vijiti vyako."

"Unajua?"

"Nilijua tangu shimo la kwanza. Mchimbaji akija maua yamekauka, anachimba hapa anakosa, anachimba pale anakosa, ndipo anapata. Bonde lile halikuwa na shimo la kukosa hata moja. Nikainua macho nikaona vitambaa vyako."

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale barazani. Mteja alikuja, akamuuzia fungu, akamwongezea viwili vya kumfurahisha, akamuuliza habari za mguu wa mumewe. Mteja alipoondoka ndipo akanijibu.

"Ningesema mimi, ingekuwa mchimbaji anamsingizia karani. Ilibidi useme wewe. Nikajiambia, huyu mtoto ana wasiwasi, nimwache achemke, atasema." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wiki mbili, Esta. Hata maharage yangeshaiva."

Nililia juu ya viazi vyake. Hakunibembeleza, alisogeza gunia visilowe. Nikatoa barua. Aliipokea, akaishika kwenye kiganja kama anaipima uzito, akanirudishia bila kuifungua.

"Usiwasomee. Ukisoma watasikia lugha nzuri. Waambie kwa mdomo, na lile swali lako la 'nani kafanya' uliseme pia."

Jumamosi, kabla ya kazi, tukiwa tumekaa kwenye nyasi tunakunywa chai, niliomba nafasi. Mikono haikuwa na karatasi na sikujua niiweke wapi. Nilisema: "Vijiti ni vyangu. Vilikuwa vinawaonyesha njia, na niliona hivyo siku ileile. Nilipouliza nani kafanya, nilikuwa najua." Mengine niliyoyaongeza sikumbuki. Nilisimama tu huku upepo unapiga kofia za watu.

Mama mmoja wa sauti ya pili kwenye kwaya akauliza, "Na muhtasari ukauandika?"

Nikasema niliuandika.

"Na mstari ukapiga?"

"Nikapiga."

Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na wengine wakamfuata, kicheko cha watu wenye hasira ambao hasira imekosa pa kutokea. Mtu akanitania kwamba sisi Wahehe wa Iringa tunajulikana kwa hasira, kumbe tuna na rula. Mwalimu Asheri hakucheka. Aliweka kikombe chini, akachukua mfuko wake, akaanza kushuka mlima bila kuaga. Tulidhani amekasirika.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama anayeuza vitunguu karibu na Mama Sekela. Mwalimu alifika sokoni jasho linamtoka, akasimama mbele ya mafungu. Nusu ya watu wa soko lile alikuwa amewafundisha kusoma, basi soko likanyamaza lenyewe. Akavua kofia. Akasema kwa sauti yake ya darasani kwamba amemkosea Mama Sekela, kwamba aliogopa maneno ya watu akamtoa mtu asiye na hatia, na kwamba anaomba radhi palepale ambapo maneno yenyewe yangesemwa. Akatoa kwenye mfuko kizibao alichokipitia nyumbani, kimekunjwa vilevile mara nne. Mama Sekela alikipokea akakiweka chini ya kigoda. Kisha akamwonyesha Mwalimu gunia, akamwambia atoe vilivyooza. Alichambua mpaka jua likapinda.

Mimi kikundi kilinitoza faini ya kawaida ya kikundi: mwenye kosa hubeba sufuria. Sufuria lenyewe ni la makande ya watu ishirini, na nililipandisha mlima kila Jumamosi mpaka mvua za mwaka uliofuata. Mkisikia watu wanasema goti langu liliharibiwa na umri, mjue si kweli.

Mama Sekela hakurudi Jumamosi iliyofuata, wala ile ya pili. Msidhani mtu akiombwa radhi hapo hapo anapona. Ya tatu alikuja, baridi ya mwezi wa sita imeuma, kizibao amekivaa juu ya sweta mbili. Aliuliza vijiti viko wapi. Vilikuwa vimerundikwa, nasubiri ruhusa ya kuvichoma moto pamoja na aibu yangu.

"Usichome," alisema. "Vimekula kwetu, sasa vitufanyie kazi."

Upande wa magharibi tulikuwa na gugu moja ambalo kikundi kililibatiza jina la kitana, kwa sababu majani yake yamechanika kama meno ya kitana. Mizizi yake inatambaa chini kama kamba za nguo, minene, na ukikata juu inakucheka chini. Tulikuwa tumepigana nalo miaka mitatu. Mama Sekela aliamuru tulifyeke usawa wa ardhi, tulaze nyasi juu, kisha tuchomeke vijiti vyangu vyote pale. Nikaanza kuvichomeka kwa nafasi sawa. Akaving'oa. "Maua hayapangi mstari. Tupia tupia." Ile kutupia tupia iliniuma kuliko sufuria.

Wachimbaji walirudi, kama alivyosema. Tulipopanda wiki mbili baadaye, sehemu ile ilikuwa imelimwa. Sijui neno jingine. Mizizi ya kitana ilikuwa nje, imefumuliwa kwa jembe jembamba la watu wanaojua kazi, mpaka mahali ambapo sisi hatukuwahi kufika. Inaonekana walijiambia chikanda iko chini zaidi, wakaendelea. Mwalimu Asheri alipendekeza tuwaandikie barua ya shukrani, ila hatukuwa na anwani. Vijiti safari hii hawakuviacha kwa adabu. Walivivunja kimoja kimoja, nami kwa mara ya kwanza nikafurahi kuona kitu changu kimeharibika.

Siku ileile Mama Sekela alitupeleka kwenye bonde la mashariki, akatupigisha magoti. Mchimbaji, alituambia, anachukua kiazi kinene cha mwaka huu. Kile cha mwaka jana kilichosinyaa na vile vidogo vidogo anavitupa pembeni, haoni faida. Tulipekua nyasi kuzunguka kila shimo. Vingi vilikuwa vimekufa na jua. Vingine vilikuwa bado vina uhai, laini kidogo ukivibonyeza. Tulivirudisha, jicho likitazama juu, tukafukia, tukakanyaga kwa kisigino polepole. Nilimuuliza tutajuaje tulipovipanda, bila alama. Alivua kiatu akakanyaga, akasogea, akakanyaga tena, midomo yake ikicheza kama mtu anayesali.

Mvua zilipokuja tulisubiri. Niliahidi kutokwenda peke yangu, na ahadi hiyo niliitimiza kwa shida kubwa. Siku tuliyoshuka, bonde lilikuwa kijani tupu kwa macho yangu, mpaka Mama Sekela alipoinama na kufunua nyasi kwa mikono miwili kama anayefunua uso wa mtoto aliyelala. Jani moja, limejikunja. Akasogea hatua nne, akafunua jingine. Si kama zamani, siwezi kuwadanganya. Lakini hakuna aliyesimama kwenye bonde lile siku hiyo aliyesema chache.

Mhifadhi alitaka sasa tuwe na daftari rasmi la maua, lenye jina la ua, hali yake na mahali lilipo. Kikao kilikaa tena baraza ileile. Watu wakasema mahali pasichorwe, pasiandikwe, pasipigwe picha. Awepo mtu mmoja anayepajua pote, na kila msimu atembee na mwingine amrithishe. Tukabaki na swali la ni nani. Mwalimu Asheri alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kama mwanafunzi, akamtaja Mama Sekela.

Mama Sekela akacheka kidogo. "Mnamkabidhi fisi bucha?"

"Bucha tulikuwa nalo sisi, mama," Mwalimu alisema, "na likaliwa."

Hakuna aliyepinga. Mimi niliandika muhtasari, na baada ya hapo nikafungua daftari jipya.

Hilo daftari nimewaachia kabatini, lina jalada jeusi. Safu ya kwanza ina majina ya maua, nimeyahakiki mara nne. Safu ya pili ina hali ya kila moja. Safu ya tatu imeandikwa "Mahali," na humo, kila mstari, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka ule niliostaafia, mtakuta maneno matatu yaleyale: Mama Sekela anajua.